Kufuli la Lango la Chini: Tunamuaga Bwana Leonard Pask

Ifikapo Jumatatu, tarehe 31 Machi, saa kumi na moja jioni, Bwana Leonard Pask atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu na miezi mitano ya utumishi katika Ofisi ya Njia za Miguu ya Halmashauri ya Orminster. Katika muda huo ameongoza Matembezi Mepesi ya Jumatano mara elfu moja na mia saba na ushei. Amekosa Jumatano tano tu: mbili kwa kuzaliwa watoto wake, mbili kwa mafua, na moja kwa sababu ya bata maji, ambaye ataelezwa mahali pake.

Bwana Pask aliajiriwa kama mfyekaji, akakabidhiwa mundu, toroli na ramani iliyokuwa imetafunwa na panya upande wa kaskazini. Ndiyo sababu, kwa maelezo yake mwenyewe, njia za kusini zilisafishwa kwanza. Baadaye alipandishwa kuwa mkaguzi wa vibao, kisha Afisa wa Njia za Miguu, cheo alichodumu nacho hadi leo bila kubadilisha kofia. Kofia hiyo ya sufu, yenye rangi ya haradali, ndiyo iliyowahi kunyakuliwa na bata maji dume karibu na kinu cha zamani. Bwana Pask aliifuata mtoni maji yakamfika kiunoni, akairejesha, na daktari akamlaza Jumatano iliyofuata. Bata naye hakuonekana kwa wiki mbili.

Haitakuwa haki kuuficha upungufu wake mmoja. Kadi ya kila Jumatano husomeka: “Mepesi, tambarare, maili mbili.” Hakuna mtembeaji aliyewahi kuziona maili mbili hizo zikiisha. Bwana Pask hupima umbali kwa mnara wa kanisa kuu. Maadamu mnara unaonekana, kwake yeye watu hawajatoka mjini. Nchi yetu ni bapa kama sinia, na mnara huo huonekana ukiwa maili tisa.

Mama Olive Tranter, mwenye umri wa miaka themanini na mitatu na nyonga moja ya chuma, alipata kumsimamisha katikati ya shamba la viazi.

“Leonard, ulisema maili mbili!”

“Ndizo hizi hizi, mama. Mvua imezivuta kidogo.”

“Na chai je?”

“Dakika kumi tu.”

“Dakika kumi ulinipa kule kwenye daraja, mwongo wee!”

Malalamiko ya mama huyo yalipokelewa ofisini kwa maandishi, yakajibiwa kwa maandishi, na Jumatano iliyofuata yeye ndiye aliyetangulia kufika mahali pa kuanzia, buti miguuni na skonzi mfukoni.

Sasa tuingie katika jambo ambalo kwa ajili yake jina la Bwana Pask litakumbukwa. Njia ya Malisho ya Chini huanzia Daraja la Osyth, hufuata mto Yarl, na kuishia kwenye kinu. Ni njia pekee iliyo tambarare kiasi cha kumfaa mtu mwenye fimbo. Watu wameipita tangu zama za babu zao, ila hakuna aliyekumbuka kuiandikisha katika ramani rasmi. Miaka miwili iliyopita mwenye malisho, Meja Aubrey Fennimore, alitoa tangazo kwamba njia hiyo ni yake peke yake na kwamba itafungwa. Wazee wetu wangebaki na barabara ya malori.

Sheria ya nchi hii husema kwamba njia iliyopitwa na watu miaka ishirini, waziwazi, bila kuomba ruhusa na bila kurudishwa, huwa ya watu wote. Kwa hiyo wenye mashamba wana desturi yao: huchagua siku moja katika mwaka, hufunga lango, na hesabu ya miaka hukatika. Siku ya Meja ilikuwa tarehe 2 Januari. Msimamizi wake, Bwana Gethin Crouch, alikuwa amelitia kufuli Lango la Chini kila tarehe hiyo, miaka ishirini mfululizo, na kila mara akalipiga picha.

Bwana Pask aliwasilisha ombi la kuiandikisha njia hiyo huku akijua mambo mawili. La kwanza, picha ishirini si mchezo. La pili, Halmashauri ilikuwa imekwisha kuamua kwamba akistaafu nafasi yake haitajazwa. Ombi lolote litakalokuwa halijakamilika siku hiyo lingelala kabatini, na kabati la ofisi yetu haliamshi mtu.

Shauri lilisikilizwa mwezi Novemba, katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa kuu, mbele ya mkaguzi aliyetumwa kutoka mji mkuu, Bi Rosalind Thwaite. Bwana Crouch alizipanga picha zake mezani kama karata za mtu aliyekwisha kushinda. Bwana Pask, ambaye kwa kawaida hanyamazi hata anapotafuna, alizitazama moja moja kwa utulivu uliotutia hofu, kisha akaomba kuuliza.

“Bwana Crouch, siku hiyo huwa unafika langoni kwa miguu?”

“Kwa miguu? Tope lote lile! Nakwenda na Landrova.”

“Ukifika?”

“Nashuka, natia kufuli, napiga picha, napanda. Kwenye baridi ile unataka nifanye nini, nicheze?”

“Na umewahi kumwona mtembeaji akilifungua lango lile?”

Kabla Bwana Crouch hajajibu, sauti ilitoka kiti cha nyuma.

“Kulifungua? Lango lile halijafunguka tangu marehemu mume wangu ana meno!”

Mkaguzi alimwomba Mama Tranter azungumze kwa zamu yake. Mama Tranter alisema kwamba kwa umri wake zamu ni yake daima, akaeleza jambo ambalo kila mtembeaji wa Orminster analijua na hakuna mwenye gari anayelijua. Lango la Chini limezama topeni na kung'ang'ania hapo. Watu huvuka ua wa malisho hatua arobaini upande wa kushoto, nyuma ya mti wa miiba, penye kipandio cha vibao viwili. Kwa miaka ishirini Bwana Crouch alikuwa amefunga kwa uaminifu mahali ambapo hapana mtu aliyepita.

“Lakini tarehe 2 Januari hapakuwa na watu!” alisema Bwana Crouch. “Nani anatoka nyumbani siku ile?”

Bwana Pask aliiomba radhi hadhara kwa kulazimika kutaja Matembezi ya Kushusha Keki ya Krismasi, ambayo hufanyika kila tarehe 2 Januari, saa nne asubuhi, tangu mwaka wake wa pili kazini. Kisha akamsogezea mkaguzi picha ya saba. Mbele palionekana kufuli, safi na linang'aa. Nyuma yake, juu ya ua, palionekana msururu wa kofia za sufu. Katika picha ya nane zilikuwamo tena. Katika ya kumi na moja, mtu mwenye kofia ya haradali alikuwa ameinua mkono.

“Huyu anayepunga mkono ni nani?” aliuliza mkaguzi.

“Ni mimi, mheshimiwa. Kila mwaka tulidhani anatupiga picha sisi.”

“Macho yangu yalikuwa kwenye kufuli,” alisema Bwana Crouch, kwa sauti ndogo.

Kesho yake mkaguzi alitaka kupaona mahali penyewe. Bwana Pask alimwarifu kwamba ni dakika kumi tu kutoka ukumbini; walifika baada ya saa moja na robo. Kufuli lilifunguliwa, wanaume watatu wakalisukuma lango, nalo halikutikisika. Mkaguzi akauvuka ua kwa kipandio, akisukumwa kwa nyuma na Mama Tranter, ambaye hakuombwa.

Uamuzi ulifika tarehe 19 Machi, siku kumi na mbili kabla ya siku ya kustaafu: Njia ya Malisho ya Chini imeandikwa katika ramani rasmi. Haihitaji tena afisa wa kuitetea. Meja Fennimore, kwa uungwana unaostahili kutajwa, ametuma zawadi ya kuagia: kufuli lenyewe, limepakwa mafuta. Ufunguo ameuleta Bwana Crouch kwa mkono wake, akauliza kama Jumatano huwa tunakwenda mbali. Aliambiwa maili mbili.

Tarehe 2 Aprili kundi litaongozwa na Mama Tranter, na Bwana Pask atatembea nyuma kama raia wa kawaida. Mama amekwisha kutuarifu jibu atakalompa akiulizia chai.

Bwana Pask, pokea shukrani za watumishi wenzako na za kila fimbo iliyopita ukingoni mwa Yarl. Maisha yako ya mapumziko na yawe mepesi na tambarare, nasi tunakuombea yawe marefu kama maili mbili zako.

Mortimer Glaze,
Karani wa Kumbukumbu, kwa niaba ya Ofisi ya Njia za Miguu