Komeo la Dirisha la Kaskazini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Bibi Notburga Gufler, aliyetutoka Jumapili akiwa na miaka tisini na moja. Na ukimtaja Notburga, huna budi kukitaja kibanda cha Grauwand, yale magofu mnayoyapita mkipanda kwenda kwenye barafu. Wawili hao hawakupendana hata siku moja.

Mumewe, Vinzenz, ndiye aliyekuwa mtunzaji wa kibanda kile, akiwalaza na kuwapikia wapanda mlima. Kila Juni alipanda, kila Septemba alishuka. Miaka kumi na tisa. Notburga alibaki bondeni na ng'ombe, na nyasi za kukata, na mtoto. Hakualikwa juu hata mara moja. Kibanda alikiita mke mwenza, na hakuwa akitania.

"Mama na wivu wake, we acha tu!" anasema bintiye, Roswitha. "Baba akirudi, mama ananusa koti lake kwanza. Likinuka moshi wa kule, anamuuliza, 'Haya, mwenzangu hajambo?'"

Vuli ya mwaka 1974 Vinzenz alivunjika mguu akiwa ameshuka bondeni kufuata mahitaji. Kibanda kilikuwa bado hakijafungwa, na theluji ilikuwa karibu. Desturi mnaijua: majivu yanatolewa, kuni zinaachwa kwa ajili ya atakayekwama, madirisha yanakomewa kwa ndani. La kaskazini halisahauliki, maana upepo wa huko hauna huruma.

"Burga, itabidi uende wewe," alisema Vinzenz.

"Leo ndiyo umekumbuka kwamba nina miguu?"

"Dirisha la kaskazini, Burga. Tafadhali."

"Mimi nikiumwa hunibembelezi hivyo!"

Akapanda. Juu akakuta kitabu cha wageni, akaketi kukisoma. Kila ukurasa watu walisifu supu ya shayiri ya Vinzenz. Supu ile ilikuwa yake Notburga. Alifundishwa na mama yake, naye akamfundisha mumewe. Jina lake halikuwemo popote. Akalia kwa wivu. Akatoa majivu, akapanga kuni, akakomea madirisha yote. La kaskazini akaliacha.

Dirisha moja tu, wasikilizaji. Upepo uliingia, ukang'oa paa, theluji ikajaa ndani. Juni iliyofuata, Vinzenz alipanda na mkongojo wake, akakuta kuta nne. Hakikujengwa tena.

Basi mume akawa wake, kiangazi na kipupwe. Lakini Vinzenz alikaa kutwa kwenye benchi, macho mlimani. Akipewa supu alikunywa, akasema asante. "Nilishinda," Notburga alimwambia bintiye baadaye, "nikapewa koti. Mwenyewe hakuwemo."

Mwaka aliofariki, Vinzenz alimwekea mkewe mkononi komeo la chuma lenye kutu. Lilikuwa zima, halijapinda, komeo ambalo halikufungwa.

"Nililikuta Juni ile," alisema.

"Kumbe ulijua?"

"Nilijua."

"Na hukunigombeza?"

"Kwa lipi, Burga? Miaka kumi na tisa sikukwambia njoo uone."

Bibi Notburga mwenyewe aliagiza tuyasimulie haya akishaondoka. Kesho anazikwa kando ya mumewe, na komeo mfukoni. Roswitha na ukoo wote wa Gufler, poleni sana, tuko nanyi. Nasi tuliobaki, kabla hatujalala leo, tujiulize: nani nyumbani mwetu bado anangoja kuambiwa njoo?