Mama Hasubirishwi

Nyuma ya soko la nafaka pale Ndhiwa kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya maganda mawili ya betri za lori, na hilo ndilo benchi. Kila asubuhi Leonida huleta birika la kahawa na chupa moja ya maji moto yenye ndimu. Chupa hiyo ni ya mzee Ombati peke yake, maana ni Msabato, na kahawa kwake ni kama pombe. Ombati wanamwita Chaji. Hufufua betri zilizokufa, na zikikataa kufufuka huzipasua, akayeyusha kwenye karai madini ya risasi yaliyomo, akamimina vipande vidogo vya kuzamishia nyavu, wavuvi wa ziwani wakaja kununua. Asubuhi hiyo ndimu yake ilipoa bila kuguswa. Mjukuu wake wa miezi kumi na moja alikuwa amepimwa damu kliniki, na madini hayo hayo ya risasi yakakutwa mwilini mwake.

Leonida: Baba Maranga, mama yako ameamkaje?

Aliuliza hivyo kwa sababu mtoto huyo, aliyezaliwa na Maranga mwana wa Chaji, anaitwa Kemuma, jina la marehemu mama yake Chaji. Kwao Kisii jina likirudi, mtu amerudi, na Chaji hajawahi kumwita mtoto yule kitu kingine ila mama.

Chaji: Anacheza tu. Haonyeshi kitu. Hiyo ndio inanitisha.

Otieno wa bodaboda alinyoosha mkono apewe ile karatasi ya kliniki. Wanamwita Wakili, maana aliwahi kwenda kortini mara moja kama shahidi akaambiwa akae chini.

Wakili: Hii kumi na nane ndio nini?

Chaji: Ndio kipimo ya risasi kwa damu. Nesi anasema hata tano haifai kufika.

Wakili: Na dawa?

Chaji: Kwa kiwango kama hiyo hakuna dawa ya kumeza. Ati tutafute inatoka wapi, tuitoe. Mtoto akule mboga, maziwa na samaki ya omena, arudishwe baada ya mwezi apimwe tena. Ikizidi kupanda inaharibu akili, na ikishaharibu hairudi.

Leonida aliacha kumimina kahawa.

Leonida: Lakini Baba Maranga, si wewe ndio unachoma betri?

Chaji: Nachoma hapa sokoni. Nyumbani sijawahi peleka hata moja. Nesi aliuliza kama tunachoma boma, bibi ya Maranga akasema hapana. Na ni kweli.

Wakili: Kesi imefungwa. Tafuteni mshtakiwa mwingine.

Chrispine, ambaye hufundisha watoto katekisimu kanisani na kwa hiyo anaitwa Katekista, alikohoa kwanza.

Katekista: Ni maji. Pampu ya kisima chenu imetoka ng'ambo.

Wakili: Hapo sasa. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Walijua iko shida ya maji.

Leonida: Watoto wa jirani wanakunywa hiyo maji, wamepimwa, wako sawa.

Katekista: Basi ni vumbi ya dhahabu. Migori wanachimba, upepo unapita Rongo, unapinda kona, unaingia Ndhiwa.

Leonida: Upepo unapinda kona?

Katekista: Kwani unataka upepo ipitie wapi?

Wakili: Mnapoteza wakati. Ni twiga wa Lambwe. Kule mbuga ya Ruma wamefungwa vyombo shingoni, vinaongea na setilaiti. Hiyo mawimbi ikipanda juu inapita kwa nyumba ya mzee, na damu ya mtoto ni laini, inanasa.

Leonida: Omera, twiga?

Wakili: Kikulacho ki nguoni mwako, mama. Lambwe si mbali.

Chaji aliwapenda sana wakati huo, wote watatu. Alijua ni upuuzi, lakini kila nadharia ilisogeza ule ugonjwa mbali kidogo na mlango wake, na sasa ulikuwa umeshafika kwa twiga.

Hapo akaja mama mgeni, Metrine, mshona nyavu kutoka ufukweni Homa Bay, akitafuta vipande vya risasi. Chaji alitia mkono mfukoni mwa koti, akatoa konzi. Mama yule hakuvishika. Alifungua mfuko wa nailoni akamwambia amwagie humo, kisha akasimama kusikiliza habari za twiga mpaka zikaisha.

Metrine: Samahani, mzee. Ukitoka hapa jioni, kitu ya kwanza unashika nyumbani ni nini?

Jibu walikuwa nalo wote pale benchi, maana kwa miezi kumi na moja Chaji amekuwa akijisifia hapo hapo: akifika hanawi, havui koti, haketi, kwa sababu mama hasubirishwi. Hupokelewa na Kemuma mlangoni. Mtoto anaota meno, na hutafuna ukosi wa lile koti, akimaliza hunyonya kidole cha babu yake mpaka usingizi umchukue.

Chaji aliitazama mikono yake. Kwenye mikunjo ya vidole palikuwa na vumbi la kijivu la risasi, lile la kila siku.

Chaji: Leonida, niletee maji na sabuni.

Alinawa hadi viwikoni, akarudia. Alivua koti akalitundika kwenye msumari wa kibanda chake, akakaa na shati tu katika baridi ya asubuhi. Kisha akampigia simu mke wake.

Chaji: Mama Maranga, leo nikifika msimlete mlangoni. Niwekeeni maji nje, na nguo nyingine. Nioge kwanza.

Sauti ya mke wake ilisikika mpaka kwenye benchi.

— Akikuona umempita atalia.

Chaji: Najua. Mwambie mama anisubiri kidogo.