Ahmednoor Dubow Barre na Ubao wa Zamu

Tarehe 30 Juni 2025, Bwana Ahmednoor Dubow Barre atakabidhi funguo na kustaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Karibu miaka tisa ya mwisho amekuwa msimamizi wa Maabara ya Pamoja ya Nano na Maada hapa chuoni kwetu Garissa. Mhariri wa jarida la wafanyakazi aliponiomba niandike wasifu wake, alinikumbusha kwamba uwe mchangamfu. Nimekuwa fundi chini yake tangu maabara ilipofunguliwa. Nitachangamka pale nitakapoweza.

Alizaliwa Kotile mwaka 1965, mtoto wa wafugaji, na mwaka 1991 aliajiriwa kuosha vyombo vya maabara katika chuo cha ualimu. Hakuwa na cheti cha ufundi. Alijifunza kwa kufungua vitu vilivyoharibika ambavyo hakuna aliyejali kama vingefungika tena. Miaka kumi na kitu baadaye, shule za sekondari kutoka Ijara hadi Wajir zilikuwa zikimletea mizani na hadubini zao, na vyeti vikamfuata huko huko kazini, kimoja baada ya kingine, hadi shahada.

Hadubini yetu ya elektroni iliwasili Novemba 2016 ndani ya makasha sita. Kwa msomaji asiyeifahamu, ni mashine inayotazama kwa miale ya elektroni badala ya mwanga, ndani ya chemba iliyonyonywa hewa yote, na huonyesha vitu vidogo kuliko unywele mara maelfu. Maadui zake ni vumbi, joto na umeme unaokatika. Kwa maneno mengine, adui yake ni Garissa. Bwana Ahmednoor alitundika magunia yaliyoloweshwa madirishani na kuweka sharti la kuvua viatu mlangoni, bila kubagua. Siku ya ufunguzi mgeni rasmi aliingia na kidole gumba kikichungulia kwenye soksi, na picha hiyo bado tunayo.

Maabara ilikuwa ya kila mtu. Walikuja wahandisi wa barabara na lami yao, wauguzi na sindano zao, watafiti wa vyuo vingine na unga wa kila rangi. Hata Mama Rukiyo, anayetuuzia maziwa langoni, alileta unywele wa ngamia wake. Alipoonyeshwa picha alikataa katakata. "Hili ni gogo," alisema. "Ngamia wangu hana magamba." Bwana Ahmednoor alimrudishia unywele wake ndani ya bahasha, kwa sababu ulikuwa mali yake.

Wanafunzi walimwita adeer, yaani baba mdogo, na walikuwa na sababu. Mwaka wa kwanza wa maabara, msichana mmoja wa shahada ya uzamili aliondolewa kwenye mashine mara nne ili kuwapisha wakubwa. Mara ya tano hakurudi, wala hakumaliza masomo. Bwana Ahmednoor alimfuata hadi nyumbani kwao, akakuta ameshaolewa na kuhamia Bute. Wiki hiyo alipigilia ubao mweusi ukutani, akachora mistari, na kutangaza kwamba aliyetangulia kuandikwa ndiye atakayetangulia kuingia. Hakuna aliyeruhusiwa kufuta jina isipokuwa yeye, na yeye hakufuta. Maprofesa walilalamika. Wakubwa wa Nairobi walisubiri kwenye benchi pamoja na wanafunzi. Mwaka 2019 tulimpa cheti cha mfanyakazi bora kwa ajili ya ubao huo, na nilipiga makofi kuliko wote.

Sasa inanibidi nieleze yaliyotokea Agosti 2023, kwa sababu yeye mwenyewe amesema bila hayo nisiandike chochote.

Jumatatu tarehe 14 alikuja mwalimu anayeitwa Gitau, kutoka shule moja ya msingi ng'ambo ya Hulugho. Alikuwa amesafiri siku mbili. Upepo wa Julai ulikuwa umeng'oa paa la zamani la shule yao, vigae vya kijivu vya miaka ya sabini, na vipande vilikuwa vimerundikwa uwanjani. Waashi walikuwa wakivivunjavunja kwa nyundo ili vijaze sakafu ya madarasa mapya. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi hapo karibu waliviokota na kuandikia ukutani kama chaki. Gitau alishuku kwamba ni asbesto. Alikuwa amesoma mahali kwamba vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na kwamba baada ya miaka mingi huleta kansa. Ofisi moja ya serikali ilimwambia kwamba bila karatasi ya maabara haiwezi kusimamisha ujenzi. Vumbi lenyewe alilibeba ndani ya mkebe wa mafuta ya kujipaka, umefungwa kwa plasta.

"Mzee, nifinyie hata nusu saa," alisema. "Shule inafunguliwa tarehe ishirini na nane, na hiyo sakafu inamwagwa wiki hii na ijayo."

Bwana Ahmednoor aligeuka kuutazama ubao. Siku zote hadi tarehe 23 zilikuwa za Filsan, mwanafunzi wetu wa udaktari, aliyekuwa akichunguza udongo wa kingo za Tana ili atengeneze chujio la maji. Ufadhili wake ulikuwa unakwisha mwezi huo.

"Mwalimu, siyo mimi nakataa," alimwambia. "Hapa kila mtu na siku yake. Wewe ni Alhamisi, tarehe ishirini na nne. Saa mbili asubuhi, insha'Allah, wewe ndio wa kwanza."

Gitau hakubishana. Aliuliza nani ataandika jina lake, nikaliandika mimi. Nilikuwa na chaki mkononi na nilikuwa nimesikia kila neno. Filsan alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, amevaa vidude vya kusikilizia masikioni. Kumgusa bega kungenichukua hatua sita. Sikwenda. Tulikuwa tumeshazoea kujivunia kwamba hapa kwetu haombwi mtu apishe.

Jumatano tarehe 23, saa tisa alasiri, umeme ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika moja. Pampu inayonyonya hewa ya chemba ilipiga ukelele wa chuma juu ya chuma, ikakwama. Bwana Ahmednoor aliifungua siku hiyo hiyo, akaitandaza juu ya shuka jeupe, na kufikia magharibi alijua. Mapezi yanayozunguka ndani yake yalikuwa yamesagika. Watengenezaji walishaacha kuunda pampu za aina hiyo. Gitau alifika asubuhi iliyofuata, amechomekea shati, akatukuta tumekaa sakafuni.

Filsan aliposikia habari za mkebe alilia mbele yetu. "Adeer, mbona hukuniuliza?" alisema. "Ningempa siku nzima."

Yeye pia hakumaliza picha zake. Ufadhili ulikwisha, na sasa anafundisha kemia katika shule ya sekondari. Anasema hana kinyongo, na ninamwamini.

Bwana Ahmednoor alichukua likizo aliyokuwa hajaigusa kwa miaka sita, akaupakata mkebe kwenye basi hadi Nairobi. Maabara ya kwanza ilimwambia aandike barua. Ya pili ilimwambia arudi Oktoba. Ya tatu iliupokea, na majibu yakaja Januari 2024. Ilikuwa asbesto, ile ya buluu, ambayo ni mbaya kuliko nyingine. Wakati huo sakafu zilikuwa zimeshakauka na kuanza kupasuka, na madarasa yalikuwa yamejaa.

Februari nilimsindikiza hadi shuleni. Angeweza kutuma karatasi kwa simu, lakini alitaka kuisema kwa mdomo wake. Wazazi walikusanyika uani, na kwa kuwa mazungumzo yalikuwa ya Kisomali, mengi alinitafsiria baadaye garini. Mama mmoja anayeitwa Kaaha, mwenye watoto watatu pale, aliuliza dawa yake ni nini. Akamwambia hakuna. Kaaha akauliza ugonjwa utakuja lini. Akamweleza kwamba si kila mtu atakayeugua, ila watakaougua wataanza baada ya miaka ishirini, thelathini, pengine zaidi.

Kaaha alifikiri. "Adeer," alisema, "sisi hapa tunahesabu mpaka mvua ijayo. Hiyo miaka thelathini umetuletea, tuiweke wapi?"

Kisha Bwana Ahmednoor akaeleza habari ya ubao. Alisema mashine ilikuwa nzima siku tisa na nusu baada ya mwalimu wao kuja, na yeye ndiye aliyemwambia asubiri. Watu walisikiliza hadi mwisho. Mzee mmoja alisema aliyepangwa kwanza ana haki yake, hilo hata kisimani liko hivyo. Walitupa chai na kutushukuru kwa kusafiri mbali. Njiani, tulipokaribia lami, Bwana Ahmednoor alinigeukia. "Walaal," aliniambia, yaani ndugu, "hata mmoja hakunikasirikia." Alilisema kama mtu anayeeleza mahali panapomuuma.

Baada ya hapo hakuwahi tena kuwa mtu tuliyemjua. Aliendelea kufika saa moja na nusu, kulowesha magunia na kufagia chumba cha mashine isiyowaka. Barua za kuomba pampu nyingine zimejaa faili mbili. Mwezi Mei mwaka huu tuliarifiwa kwa waraka kwamba mashine itaondolewa, kwamba chumba kitakuwa ghala la viti vya mitihani, na kwamba nafasi ya Bwana Ahmednoor haitajazwa. Alisoma waraka huo, akaukunja, akaniuliza kama magunia yatafaa kwa mtu.

Kazi yake ya mwisho haimo katika ripoti yoyote ya chuo. Kwa msaada wa Gitau, aliandika majina ya wote waliovuta lile vumbi: wanafunzi, walimu, waashi. Jina la mtu, la baba, la babu, mwaka wa kuzaliwa, kwao ni wapi. Ni majina 187, na la kwanza ni la Gitau mwenyewe, aliyebeba vigae kwa mikono. Nia yake ni kwamba siku watakapoanza kukohoa, daktari ajue anatafuta nini, asiwape dawa ya kifua kikuu mwaka mzima bure. Aliipeleka orodha ofisi tatu. Moja ilisema ingoje mpaka waugue. Ya pili ilisema hayo ni mambo ya mazingira. Ya tatu iliipokea na kuigonga muhuri, na tulipoiulizia baada ya miezi miwili haikuonekana.

Nakala iliyobaki amenipa mimi. Nitastaafu mwaka 2047, na wengi wa wale watoto watakuwa na miaka thelathini na kitu, bado wazima, bado hawajui. Nilimuuliza nimwachie nani. "Sijui, walaal," alisema. "Mimi nimekupa wewe kwa sababu ulikuwepo."

Kwa hiyo, nikiwa na ruhusa yake, natumia ukurasa huu kwa jambo ambalo kurasa hizi hazikuwekewa. Ikiwa wewe msomaji ni kijana, na una matumaini ya kuwa hai na kuwa karibu na hapa mwaka 2053, miaka thelathini baada ya lile vumbi, nitafute nikukabidhi orodha. Naitwa Mwikali, chumba namba 14. Mpaka ninapoandika haya sijampata mtu.

Bwana Ahmednoor anarudi Kotile, kwa mbuzi wake na wajukuu wake wanne. Amekataa zawadi na amekataa hotuba. Tunamshukuru kwa mikono iliyofufua vitu vingi vilivyokwisha kukatiwa tamaa, na kwa kutotudanganya kuhusu kile ambacho hakikufufuka. Tunakuombea maisha marefu, adeer, na hao 187 tunawaombea marefu zaidi.