Mama Dhanesari, Mkunga wa Sirsandi Aliyekataa Kukata Kitovu

“Dhanesari, wanasema watu wa tabaka la juu walitoka kinywani mwa Mungu na wa tabaka la chini miguuni, sisi hata miguuni hatumo. Wewe unayewapokea, umeona nani katokea kinywani?” Jirani yake Bhagmani alimwuliza hivyo kisimani. Mama mkwe wangu akajibu, “Mwenzangu, mimi nimeona mlango mmoja tu.” Wakacheka mpaka ndoo ikawaponyoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1936, hapahapa Sirsandi, wilayani Ghazipur. Shuleni aliketishwa nje ya mlango pamoja na watoto wenzake wa mtaa wetu, hakumaliza mwaka. Mwaka 1951 aliolewa na marehemu Sukhari Ram, wakabatizwa pamoja. Ukunga alifundishwa na mama mkwe wake, maana kukata kitovu kulihesabiwa uchafu, kazi ya sisi tunaochuna ngozi za mizoga.

Mwaka 1956 wazee wetu waliapa kwamba mwanamke wetu hatakata tena kitovu cha mtoto wa mtu. Juma lilelile, mke wa Thakur, mwenye mashamba, akajifungua. Watu wake wakaja na marungu, wakamwita kwa jina la dharau.

“Wewe Dhanesariya, toka! Mtoto kazaliwa, kitovu hakijakatwa!”

Wazee wetu nao wakasema, “Ukikikata, huna kwenu.”

Alikwenda. Alisimama kizingitini, hakuingia.

“Kata mwenyewe, mama,” alimwambia mama yake Thakur. “Funga uzi hapo, na hapo. Kata katikati.”

“Mimi? Nitie mkono kwenye uchafu?”

“Huyo ni mjukuu wako.”

Bibi akakata. Mtoto aliishi. Watu wa Thakur walimvunja Sukhari mkono kwa marungu kwa kuwa mkewe hakukata, na wazee wetu wakawatenga msimu mzima kwa kuwa alifika kwenye kile kizingiti. Marehemu hakumlaumu mtu, alisali.

Januari mwaka huu kifua kilimbana. Alifariki jana alfajiri, tarehe 9 Februari 2019, mikononi mwa bintiye Rampati. Ameacha pia wanawe, mume wangu Jokhan na Lachhu, na wajukuu tisa. Bwana ampe pumziko lake.

Ndugu zangu, kaburi bado halijachimbwa. Tangu jana mnanong'ona waitwe Wamusahari wa ng'ambo ya dimbwi waje kulichimba, watu ambao sisi nasi tunawaona wachafu, hatunywi maji yao. Lachhu ameniambia, “Shemeji, hiyo kazi yao. Tukishika jembe tutachekwa.” Basi haya ndiyo aliyoyasema marehemu Jumatatu, akili zake zikiwa timamu:

“Kaburi langu msiwaite Wamusahari. Lichimbeni wenyewe.”