Anawashusha Tu

Mama aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa akimweleza jirani yake wa kiti, fundi viatu mwenye gundi iliyokauka vidoleni, kwamba mwanawe ni dereva jeshini. "Hapigani na magaidi. Yeye anawashusha wenzake tu."

"Afadhali," akasema fundi. "Gari lake ni basi au lori?"

"Helikopta."

Fundi akageuka mzima mzima. "Sasa wanashukia kituo gani?"

"Wanateremka kwa kamba, juu ya paa la adui. Yeye hatui."

"Mama, asipotua anawashushaje?"

"Hata mimi nilimuuliza hivyo hivyo!"

Nami nilikuwa sijaelewa, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Fundi akajaribu upande mwingine. "Akishawashusha anaenda zake?"

"Anazunguka hukohuko angani, halafu anawapandisha."

"Basi kazi yake ni salama, mama yangu. Usijitie presha."

Mama akaikunja tiketi yake mpaka ikawa kama punje. "Juzi alinipigia simu. Akasema, 'Mama, mmoja hajapanda.' Nikamwambia, si umsubiri, mwanangu, hata basi husubiri. Akakata simu."

"Labda alipanda nyingine," akasema fundi, kwa sauti ya kuomba iwe hivyo.

"Kwani zipo nyingine?"

Basi likasimama, konda akapiga bodi kofi. "Mwisho wa gari! Shukeni wote!"

Tukashuka wote. Mama akabaki pale mlangoni, anamuuliza konda kama ana hakika ndani hakubaki mtu.