Simu Inayoota Kwao

Umeme ulikuwa umekatika Mwanga nzima, pale mjini Kigoma, tangu asubuhi. Ziwa kule chini lilikuwa limemezwa na ukungu, mchana wenyewe ukisinzia, na kwenye benchi la Hamdani muuza kahawa kulikuwa na mgonjwa mmoja tu: simu ya Ciza. Ciza, Mrundi mshona viatu, aliikumbatia kama kifaranga. Ilibaki na asilimia kumi na mbili. Dada yake Gloriose alikuwa amevuka mpaka wa Burundi jana yake na mtoto mgongoni, na angepiga kutoka Manyovu, pale mpakani, kwa simu ya kuazima aelekezwe gari la kupanda. Ciza aliogopa, wala hakuficha.

— Punguza mwanga kwanza, alisema Profesa, fundi redio asiyekubali kushindwa. Zima na data. Data ndo kupe wa betri.

— Na siku nyingine usingoje izimike ndo uichaji, mwanangu, alidakia Mgebuka, mchukuzi wa bandari ya Kibirizi. Samaki mkunje angali mbichi!

— Joto ndo linaua betri, alisema Hamdani. Itoe kifuani. Mie yangu naiegemeza kwenye mtungi wa maji.

— Umeona! Mficha uchi hazai, Mgebuka aliitikia kwa uchungu, na hakuna aliyemuuliza inahusu nini.

Profesa akashusha sauti.

— Hamlijui tatizo nyie. Simu hii kainunua Bujumbura. Hapa inahangaika kutafuta minara ya kwao ng'ambo ya milima. Inaota kwao, jamani. Kila ndoto, asilimia moja.

Maneno yale yalimwingia Ciza. Yeye mwenyewe kila usiku ndotoni alikuwa kwenye migomba ya mama yake, na kila asubuhi aliamka amechoka.

— Ego, ndiyo, ni kweli, alisema. Sasa nifanyeje?

— Izime, alisema Profesa. Ilale fofofo. Akiba haiozi.

Akaizima. Benchi zima likashusha pumzi. Kahawa ikazunguka, na Ciza akamwona Gloriose mawazoni akishuka na barabara, anacheka, vumbi miguuni. Muda ukapita hivyo, mtamu.

Eufrasia muuza dagaa akatua ndoo yake, akauliza wanalinda nini. Wakamweleza.

— Sasa huyo dada akipiga, atampataje?

Hamdani aliinamisha birika kwenye kikombe. Halikutoa kitu.

Ciza akaiwasha. Ujumbe ukaingia: kuna namba ilikuwa ikimtafuta. Akaipigia.

— Yule mama mwenye mtoto? sauti ya mwanamume ilijibu. Kapanda gari, kaka. Alikutafuta weee!

— Gari gani?

— Sikuangalia. Yalitoka mawili, la Kigoma na la Kasulu.

Mgebuka alikuwa ameshasimama.

— Stendi, jamani! Twende tukalipokee la Kigoma.

Wakainuka wote, hata Hamdani aliyeacha jiko lake linawaka.

— Na kama kapanda la Kasulu? aliuliza Eufrasia.

Simu ilikuwa na asilimia kumi na moja. Ciza aliifumbata, akatangulia mbele yao kuelekea stendi.