Historia ya Kaka Betri, Aliyefufua Vilivyotupwa

Ndugu waombolezaji, familia imenichagua mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee historia hii, si kwa usomi, maana shule niliiacha mapema na haijanitafuta, bali kwa sababu sauti yangu haihitaji spika.

Marehemu kaka yetu, ambaye hata mama aliishia kumwita Betri, alizaliwa tarehe 9 Machi 1991, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii, mwembamba kama waya, mwenye masikio ambayo niliyacheka hadi wiki jana, na siyaombi radhi leo.

Alisoma shule ya msingi ya mtaa huu, kisha sekondari, akahitimu mwaka 2009, na cheti chake hakikumpa kazi, kilimpa tu kiburi cha kunisahihisha mbele za watu.

Alipata kibarua cha kufagia ukumbi wa muziki, na humo ndimo alimookota riziki, kwani sigara za kielektroniki, zile zinazovutwa siku mbili tatu na kutupwa, zilikuwa zinatupwa na betri nzima ya lithiamu ndani, naye akazipasua kwa koleo, akazitoa betri ndogo kama kidole, akaziunga pamoja, na ndiyo maana kinyozi wa kona ananyoa umeme ukikatika. Sharti lake lilikuwa moja, betri ya kuokota inachajiwa, kisha inalazwa rafuni wiki mbili, ikiishiwa nguvu yenyewe ni mgonjwa, haiungwi na wenzake, na aliyemharakisha alifukuzwa.

Tarehe 14 Juni 2018 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani, wakajaliwa binti mmoja, ambaye masikini karithi masikio. Baba mkwe, fundi umeme mstaafu mwenye vyeti ukutani, alimpokea kila mara kwa kumuuliza leo kaokota nini, na kaka, aliyekuwa na jibu kwa kila tusi langu, kwa mzee yule alicheka tu.

Mwezi uliopita mzee alimwambia, mbele ya wageni, aiwashe friji yake kwa hizo takataka tumwone, na kaka, kwa hamu ya kukubaliwa, alipopungukiwa akachukua betri zilizolala siku tatu tu, akaziunga na nzima ndani ya boksi moja, akaifungia friji ya mzee. Jumapili boksi lilipoanza kufuka moshi sebuleni, mzee alisema, "Toa takataka yako nyumbani kwangu," na kaka akalikumbatia kifuani, akalitoa hadi uani.

Alifariki tarehe 22 Mei 2024. Wodini aliniuliza kama mzee amesema lolote kuhusu friji, na mimi, nisiyedanganya hata mgonjwa, nikamjibu hapana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya walioungua, majirani waliokimbia na ndoo za mchanga, na wafagiaji wenzake, waliomletea leo mfuko mwingine umejaa sigara zilizotupwa. Tunamshukuru pia baba mkwe, aliyeketi safu ya mbele, ambaye sebule yake i salama, hata pazia halikuungua.

Kaka Betri, takataka imeshatoka, lala sasa, safari hii hakuna wa kukuharakisha.